Kuishi kwa Matumaini Katika Maradhi na Msiba

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Durban



Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Tanga na Pangani, ndugu mliosafiri kutoka Mombasa, Maskati, Leicester na Toronto, nanyi vijana wetu ambao baadhi yenu mmeonana kwa mara ya kwanza juzi pale uwanja wa ndege: karibuni Durban. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa hai. Naishukuru kamati kwa kunipa heshima hii, ingawa wapo wengi humu wenye elimu kunizidi.

Kamati iliniandikia kwamba nizungumze juu ya matumaini wakati wa maradhi na msiba. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa mimi ndiye mwenyeji wenu, kwani nimekaa mji huu tangu mwaka 1997. Ya pili ni kuwa mnajua niliugua kifua kikuu mwaka 2005, hata baadhi yenu mkaanza kuulizana nauli za kuja kunizika. Hayo mnayoyajua ni nusu ya habari. Leo nimekuja na nusu ya pili, na kabla sijaanza nawaomba wazee radhi, maana yatakayosemwa yamekaa miaka mingi bila ya kusemwa.

Jana basi lilitupitisha Bluff, kisha likatupeleka Chatsworth. Vijana waliuliza kwa nini tunatembezwa mitaa ya kawaida badala ya ufukweni. Naomba niwajibu, kwa sababu jibu lake ndilo mlango wa maneno yangu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa baharini, na swali likazuka: waliookolewa wapelekwe wapi? Kuwarudisha kwao kulikuwa na hatari ya kukamatwa tena. Wakati huohuo koloni la Natal lilikuwa na upungufu wa vibarua. Basi kati ya mwaka 1873 na 1880 watu wapatao 500 waliletwa katika bandari hii ya Durban, wakafungwa kwa mikataba ya kazi. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa Unguja hata kidogo. Walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, waliokwisha kupoteza wazazi, vijiji na majina yao. Hapa wakaitwa Wazanzibari, nao wakalikubali jina hilo.

Waislamu miongoni mwao wakakusanyika King's Rest, kule Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini Waislamu wa mji huu. Wakaoana, wakazikana, wakafundisha watoto Kurani, wakaendelea kusema Kimakua vizazi kwa vizazi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi za watu, na Bluff ikafanywa makazi ya Wazungu. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke wapi watu hawa: iliwahesabu mara na Wabantu, mara na Machotara, hatimaye, mwaka 1961, ikawaandika kuwa ni "Waasia Wengine". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliondolewa King's Rest na kuhamishiwa Chatsworth, kitongoji kilichotengwa kwa Wahindi.

Mwaka 2005 nilipanga chumba Chatsworth, na jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Kizanzibari, sasa ni marehemu. Alipohamishwa kutoka Bluff alikuwa msichana. Siku moja nilimwuliza watu wake waliwezaje kuvumilia mambo yote yale. Alifikiri kidogo, akaniambia, "Tulikuwa tukijuana, mwanangu. Nani kalala na njaa, nani kalala mgonjwa." Hakuongeza neno, akarudi kwenye uji wake. Nililisikia jibu lile kama lawama, ingawa yeye hakukusudia kunilaumu. Nitawaeleza kwa nini.

Ndugu zangu, mnamkumbuka mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alinifuata huku mwaka 1998, akafanya kazi ya kinyozi karibu na Point. Wengi wenu mnamkumbuka kwa kucheka kwake. Katika orodha ya marehemu ya ukoo wetu imeandikwa kwamba alifariki Durban, Novemba 2001, kwa malaria. Mimi ndiye niliyepeleka habari hiyo nyumbani, na haikuwa kweli. Mji huu wa Durban hauna malaria, na katika sisi sote hapakuwa na mmoja aliyeuliza. Mdogo wangu alifariki kwa UKIMWI.

Naomba mnivumilie nieleze hali ilivyokuwa, si kwa kujitetea, bali ili vijana waelewe. Mwezi Desemba 1998 mwanamke aitwaye Gugu Dlamini, wa KwaMashu, hapa hapa Durban, aliuawa kwa kupigwa baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi. Leo ipo bustani katikati ya mji yenye jina lake, lakini wakati ule sisi wageni tulichojifunza ni kufunga midomo. Na kwetu hali haikuwa tofauti sana. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi watu waliyapa maradhi haya kila jina isipokuwa jina lake. Katika matanga ya pwani mlisikia "homa", "kifua", "mkono wa mtu". Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikwenda mbali zaidi: hata kifo kilipokuja, tulikifunika.

Mwezi Julai 2000 mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika hapa Durban, mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika Afrika. Mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, alisimama mbele ya maelfu ya watu akasema kwamba amezaliwa na virusi, akaomba watu wa hali yake wasiogopwe. Jaji Edwin Cameron naye alieleza kwamba yeye yu hai kwa kuwa mshahara wake unamwezesha kununua dawa, ilhali mamilioni ya Waafrika wanakufa kwa kukosa fedha. Mdogo wangu aliyafuata hayo yote redioni. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kukonda.

Alipimwa Machi 2001, akaniambia mimi peke yangu. Dawa zilikuwapo, lakini katika nchi tajiri matibabu ya mwaka mmoja yalizidi dola 10,000. Februari ya mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kwamba ingeziuzia jumuiya za misaada dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mdogo wangu aliikata habari hiyo gazetini, akaiweka ndani ya msahafu wake. Akanionyesha, akasema, "Dada, waombe ukoo."

Sikuwaomba. Nilimjibu kwamba tusubiri kidogo. Ukweli ni kuwa niliona haya. Niliogopa kwamba nikiomba fedha za dawa nitaulizwa ni dawa ya nini; niliogopa mama atazungumzwa msikitini na sokoni; niliogopa mabinti zetu hawatachumbiwa. Aliniomba mara ya pili mwezi wa Agosti, nami nikajibu vilevile. Mara ya tatu hakuomba.

Alipofariki tulimzika hapa siku ya pili yake. Na ndani ya siku tatu, ndugu zangu, simu zilikuwa zimepigwa kutoka Maskati, kutoka Mombasa, kutoka Uingereza. Nauli ya mama ilipatikana. Nauli ya ami ilipatikana. Tanga ilifanywa hitima kubwa, wakachinjwa ng'ombe wawili, na walionijia baadaye walisifu namna ukoo ulivyosimama. Miaka mingi baadaye niliketi nikapiga hesabu ya michango yote ile. Ilizidi dola 1,800.

Sitaki kuwadanganya kwa mara ya pili. Bei ya Cipla ilikuwa kwa jumuiya za misaada, si kwa mtu mmoja mmoja dukani, na sisemi kwamba mdogo wangu angezipata dawa hizo au kwamba angepona. Ninachosema ni kwamba hatukujaribu, na aliyesababisha tusijaribu ni mimi. Ukoo haukumnyima. Ukoo haukuambiwa.

Mama yetu alifariki mwaka 2013. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2005 nilianza kukohoa na kutoka jasho usiku. Nilifika kilo 38. Nilikutwa na kifua kikuu, kisha muuguzi akaniambia ni vyema nipimwe na virusi pia, kwa kuwa maradhi hayo mawili hufuatana: kinga ya mwili ikishuka, kifua kikuu hupata nafasi. Majibu yalikuwa kama ya mdogo wangu. Ninyi nikawaambia kifua kikuu peke yake. Wengine sasa hivi mtakuwa mnajiuliza niliyapata wapi. Swali hilo sitalijibu, kwa sababu nilipougua kifua kikuu hapakuwa na mtu aliyeniuliza nani kaniambukiza.

Katika miaka ile minne, kutoka mauti ya mdogo wangu hadi kuugua kwangu, mambo yalikuwa yamebadilika, na hayakubadilika yenyewe. Watu wa Treatment Action Campaign, wengi wao wagonjwa, waliandamana na kwenda mahakamani. Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iwape wajawazito dawa ya kuwakinga watoto wao. Novemba 2003 serikali ilikubali mpango wa kutoa dawa bure katika hospitali zake, na mwaka 2004 ukaanza. Ucheleweshaji ulikuwa umegharimu sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha katika nchi hii kwa dawa kukawizwa. Mdogo wangu namhesabu miongoni mwao. Mimi niliingia kliniki ya serikali nikapewa dawa bila ya kutoa hata senti moja.

Kwa hiyo msije mkanisifu kwamba nilikuwa na imani kubwa kuliko yeye, au subira kubwa kuliko yeye. Alikuwa mcha Mungu kunishinda. Kilichotutenganisha ni miaka minne, na ujasiri wa watu waliolitaja jambo kwa jina lake. Wala tusidhani ujasiri huo ni wa nchi za wenzetu tu. Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe, akaanzisha TASO pamoja na wenzake ili wagonjwa wasife peke yao. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza mbele ya taifa zima, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Na kwetu Tanzania, mwaka huohuo wa 1989, ilianzishwa WAMATA. Afrika Mashariki ilikuwa na watu waliosema. Mimi sikuwa mmoja wao.

Mliniagiza nizungumze juu ya matumaini, nami nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Wiki za mwanzo sikuwa na matumaini yoyote. Watu huambiwa wawe na matumaini kama vile ni kitu kilichoko kabatini, mtu akifungua akachukua. Kwangu hayakuja hivyo. Sikuanza kutumaini ndipo nikanywa dawa. Nilikunywa dawa, na matumaini yakafuata nyuma polepole. Kila siku saa mbili usiku nilimeza vidonge, hata usiku ambao nilitamani kufa. Yule bibi wa Kizanzibari alikuja asubuhi na uji, akaketi mpaka niumalize. Aliniuliza naumwa nini, nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikasema. Alinitazama, akasema, "Basi unywe uji." Kesho yake alirudi kama kawaida. Sikumbuki mawaidha yoyote aliyonipa. Nakumbuka kwamba alirudi.

Baada ya miezi miwili mizani ilisoma kilo 41. Baada ya mwaka, 52. Kadi ile ya kliniki ninayo hadi leo. Mtu akiniuliza matumaini yangu yalikuwa wapi, nitamwonyesha kadi hiyo, na bakuli la uji.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Kupona mwili hakukunipa amani na mdogo wangu. Zipo nyakati namsikia akisema "Dada, waombe ukoo", hasa Novemba ikifika. Nilikwenda kwa mshauri wa kliniki, nilikwenda kwa sheikh, na wote wawili waliniambia jambo moja kwa maneno tofauti: kwamba kilichopita siwezi kukirudisha, lakini alichokiomba bado naweza kukifanya. Ndicho ninachokifanya leo. Nimechelewa zaidi ya miaka ishirini, lakini nawaomba ukoo.

Tangu wakati huo tumepata misiba mingine. Mwaka 2020 na 2021, katika janga la korona, wengi wetu tuliwaaga wapenzi wetu kwa simu, na wengine hawakuruhusiwa kuwaosha maiti wao. Aprili 2022 mvua kubwa na mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 katika mji huu na sehemu nyingine za jimbo hili, nami nilikaa siku kadhaa bila ya maji wala umeme. Mara zote hizo mlinipigia simu kuuliza kama ni mzima. Nilifurahi sana, lakini kila simu ilipokwisha niliwaza: hawa ndugu wanaonipenda hivi hawajui kitu ninachokimeza kila usiku.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza ni kuhusu mfuko wetu wa maafa. Katiba ya umoja wetu inaruhusu kutoa fedha kwa mazishi, nauli za msiba na hitima. Haina kifungu cha mgonjwa aliye hai. Naomba tuongeze kifungu cha matibabu, na kiwango chake kisiwe chini ya kile cha mazishi. Si haki marehemu wetu kuwa na fungu kubwa kuliko mgonjwa wetu.

La pili, tuchague watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao mgonjwa yeyote wa ukoo ataweza kuwaendea kwa siri. Wawe na ruhusa ya kuidhinisha msaada bila ya kutaja jina wala maradhi mbele ya kamati. Mimi leo nimesema hadharani kwa hiari yangu, na nina umri wa kutosha kubeba maneno ya watu. Kijana wa miaka 20 asilazimishwe kufanya hivyo ili apate dawa. Na hilo si la UKIMWI peke yake. Wapo humu wenye saratani, wenye figo, wenye majonzi yasiyowaacha walale, na wanaficha kama nilivyoficha mimi.

La tatu ni dogo, na kwangu ndilo kubwa. Nimeiomba kamati ifute neno "malaria" mbele ya jina la mdogo wangu katika orodha ya marehemu. Iandikwe ukweli, au ikiwa wazee wataona vyema, pasiandikwe sababu yoyote. Uongo ule ni wangu, na nisingependa uendelee kuchapwa.

Vijana wetu, neno langu kwenu ni fupi. Maradhi haya sasa yana matibabu. Katika nchi hii watu zaidi ya milioni 5 wanatumia dawa kama mimi. Anayezitumia sawasawa, hata virusi visionekane tena katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzi wake. Mama mwenye virusi huweza kuzaa mtoto mzima. Pimeni. Na mkikutwa na jambo, mwambieni mtu mmoja kabla jua halijatua. Kama hamna wa kumwambia, mniambie mimi. Namba yangu kamati wanayo.

Wazee wangu, nimewavunjia sitara ambayo wengine mliithamini. Kama nimekosea kwa namna nilivyosema, nawaomba radhi. Kwa kusema kwenyewe siombi radhi. Wale watu 500 walioshushwa kwenye gati la mji huu hawakuwa hata ndugu wa damu, na bado walijua kila usiku nani kati yao amelala mgonjwa. Sisi ni ndugu wa damu, tuna simu na ndege. Tunaweza kujuana hivyo.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye walio wagonjwa kati yetu, na aturudishe sote makwetu kwa salama. Naomba sasa tumsomee Fatiha mdogo wangu.